Saa ya ufunguo iliyododa dukani sasa yagombewa mnadani

Kila mfanyabiashara anaijua bidhaa iliyododa. Inakaa rafuni mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, vumbi linaipata, na mwishowe mwenye duka anaitoa kwa bei ya hasara ili apate nafasi ya kuweka kitu kinachotoka. Ni mara chache sana bidhaa ya namna hiyo kurudi sokoni baada ya miaka na kuuzwa ghali kuliko zote za jamii yake. Lakini ndivyo ilivyotokea kwa saa moja ya mkono ya Uswisi, saa ya kutia ufunguo, ambayo wenye maduka wa Ulaya na Marekani waliwahi kuitoa kwa punguzo.

Saa hiyo ni Rolex Cosmograph Daytona ya zamani, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1963 na 1988. Oktoba 26, 2017, saa moja ya aina hiyo iliuzwa katika mnada wa kampuni ya Phillips mjini New York kwa dola za Marekani 17,752,500. Wakati huo hapakuwa na saa ya mkono iliyowahi kufikia bei hiyo katika mnada wowote. Haikuwa ya dhahabu, wala haikuwa na almasi. Ilikuwa ya chuma kisichoshika kutu, na mwenyewe asipoitia ufunguo kwa siku mbili hivi inasimama.

Wiki hii tunaeleza kwa nini wakusanyaji wa saa wanaitaka saa ya namna hiyo, na kitu gani hasa wanachokilipia. Jambo hili lina maana kwa mwenye mtaji mdogo. Wapo wanaodhani kila saa kuukuu ni mali, wakanunua wasichokijua. Na wapo waliorithi saa nzuri, wakaipeleka kwa fundi aing'arishe kabla ya kuiuza, wakaipunguzia thamani kwa fedha zao wenyewe.

SAA YA UFUNGUO NI IPI?

Saa ya ufunguo haina betri. Ndani yake mna springi nyembamba iliyoviringishwa katika kikopo kidogo. Mwenye saa anapozungusha kifundo kilichoko ubavuni, springi inajikaza. Inapojilegeza taratibu inasukuma msururu wa magurudumu ya meno, na mwisho wa msururu huo liko gurudumu dogo linalokwenda mbele na kurudi nyuma bila kupumzika. Gurudumu hilo ndilo linalogawa muda. Katika Daytona za kwanza linapiga mara 18,000 kwa saa, yaani mara tano kila sekunde.

Daytona ni kronografu. Pamoja na kuonyesha wakati, ina vitufe viwili vya kuanzisha, kusimamisha na kurudisha mwanzo hesabu ya muda, na nyuso tatu ndogo ndani ya uso mkubwa. Pete yake ya nje ina namba za kupimia mwendo wa gari. Jina limetokana na uwanja wa mashindano ya magari ulioko Daytona, katika jimbo la Florida.

Mtambo wake haukubuniwa na Rolex. Ulijengwa juu ya mtambo wa kampuni ya Valjoux ya Uswisi, uitwao Valjoux 72, ambao uliuzwa pia kwa watengenezaji wengine. Kampuni ya Heuer iliutumia katika saa zake za Carrera za miaka ya 1960. Msomaji aliweke akilini jambo hili: saa mbili zinaweza kuwa na mtambo wa ukoo mmoja, zikafanya kazi ile ile kwa ubora unaokaribiana, na bado moja ikauzwa kwa bei mara nyingi zaidi ya nyingine. Kwa hiyo bei haitokani na mtambo peke yake.

SOKO LILIVYOIKATAA

Desemba 25, 1969, kampuni ya Seiko ilitoa mjini Tokyo saa ya kwanza ya mkono ya kwatsi kuuzwa madukani, iliyoitwa Astron. Bei yake ilikuwa yen 450,000, sawa na bei ya gari dogo. Lakini betri na kipande cha kwatsi viliishinda saa ya springi kwa usahihi, na baada ya miaka michache vikaishinda kwa bei pia. Viwanda vya Uswisi vilivyokuwa na wafanyakazi wapatao 90,000 mwaka 1970 vilibaki na zaidi kidogo ya 30,000 katikati ya miaka ya 1980.

Katika hali hiyo Daytona ilikuwa na udhaifu wa peke yake. Saa nyingine mashuhuri za Rolex zilikuwa zikijitia ufunguo zenyewe kwa mtikisiko wa mkono. Mnunuzi aliyekuwa na fedha za kutosha kununua Rolex hakuona sababu ya kuchukua ile inayomdai kazi kila asubuhi. Daytona zikakaa kwenye vioo vya maduka.

Baadhi zilidoda zaidi kuliko nyingine. Rolex ilitoa Daytona za uso wa kawaida, na chache za uso wa mapambo uliotengenezwa na kampuni ya Singer. Uso huo wa pili ulikuwa na rangi zinazopingana, tarakimu za mtindo wa zamani, na vijimraba vidogo kwenye mistari ya nyuso ndogo. Wanunuzi wengi waliuona kama mchezo wa watoto. Kwa kuwa haukuwa ukitoka, uliagizwa kidogo. Na kwa kuwa uliagizwa kidogo, leo ni adimu.

Hapo ndipo penye ufunguo wa habari yote. Uhaba wa saa hizi haukupangwa na kiwanda ili kupandisha bei. Uliletwa na wanunuzi wenyewe walioikataa bidhaa. Mwaka 1988 Rolex ilileta Daytona mpya inayojitia ufunguo yenyewe, kwa mtambo uliotokana na ule wa kampuni ya Zenith, na watu wakaanza kupanga foleni kuitaka. Ndipo wakusanyaji, wa Italia wakiwa mstari wa mbele, walipogeuza macho kuitazama ile ya zamani. Walikuta haitengenezwi tena, na zilizoko duniani haziwezi kuongezeka.

JINA NA HISTORIA

Uso ule wa mapambo ukapewa jina la Paul Newman, mcheza filamu wa Marekani aliyekuwa pia dereva wa magari ya mashindano, kwa sababu alionekana katika picha nyingi akiwa ameivaa. Saa yake alinunuliwa na mkewe, Joanne Woodward, mwishoni mwa miaka ya 1960. Nyuma ya kasha mkewe aliandikisha maneno ya kumtaka aendeshe gari kwa uangalifu. Katika miaka hiyo saa kama hiyo ilipatikana kwa dola mia chache tu.

Mwaka 1984 Newman aliitoa bure kwa kijana aliyekuwa rafiki wa binti yake. Kijana huyo aliitunza kwa miaka zaidi ya thelathini, kisha ikapelekwa mnadani. Zabuni ya kwanza iliingia kwa simu ikiwa dola milioni 10. Nyundo iligonga kwenye dola milioni 15.5, na ada ya mnunuzi ikaongeza dola 2,252,500 juu yake.

Ili kuona uzito wa historia, tuilinganishe na saa nyingine ya mtu huyo huyo. Desemba 2020 Phillips iliuza mjini New York Daytona nyingine ya Newman, nayo ya ufunguo, nayo zawadi ya mkewe, nayo ikiwa na maandishi ya mkewe nyuma. Ilikwenda kwa dola 5,475,000. Ni fedha nyingi, lakini haifikii theluthi moja ya ile ya kwanza. Mwenye saa ni mmoja, kiwanda ni kimoja. Tofauti ni kwamba saa ya kwanza ndiyo iliyobeba uso uliopewa jina lake, na iko moja tu.

CHUMA KINAPOISHINDA DHAHABU

Mfanyabiashara aliyezoea kupima mali kwa mizani ya sonara atapata taabu katika soko hili. Mfano mzuri ni Patek Philippe namba 1518, nayo kronografu ya ufunguo, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1941 hadi mapema miaka ya 1950. Zilitengenezwa takriban 281, nyingi zikiwa za dhahabu. Za chuma zinazojulikana ni nne tu. Novemba 2016 moja ya hizo nne iliuzwa Geneva kwa faranga za Uswisi 11,002,000. Hiyo ndiyo rekodi iliyovunjwa na saa ya Newman mwaka uliofuata. Zile za dhahabu zinauzwa kwa bei ndogo zaidi, ijapokuwa dhahabu ni dhahabu.

Sababu ni ile ile. Katika miaka ya vita aliyekuwa na uwezo wa kununua Patek ya hali ya juu alitaka ya dhahabu. Chuma hakikuwa na mwenyewe. Kilichokataliwa jana ndicho kilichokuwa haba leo.

JAMBIA LA OMAN

Wasomaji wenye jamaa Muscat wataijua alama ya jambia juu ya panga mbili zilizopishana, ambayo ni nembo ya Oman. Sultani Qaboos bin Said, aliyetawala tangu 1970 hadi alipofariki Januari 2020, aliagiza saa za thamani za kutolea zawadi. Katika miaka ya 1970 zilikuwamo Daytona za ufunguo zenye jambia usoni, zilizopatikana kupitia duka la Asprey la London. Leo saa hizo zinatafutwa sana, na mnadani zinakwenda kwa bei kubwa kuliko Daytona za kawaida za miaka hiyo hiyo.

Kwa kuwa zilitolewa kama zawadi, nyingine zilibaki katika familia, zikapita kutoka mkono hadi mkono bila karatasi. Hapo panahitaji hadhari pande zote mbili. Mwenye nayo asiitoe kwa bei ya saa kuukuu kwa sababu imesimama. Anayenunua naye asiridhike na jambia peke yake. Uso wa saa unaweza kubadilishwa, na alama inaweza kupigwa chapa upya. Barua ya zawadi, boksi, picha ya aliyepewa akiwa ameivaa: hivyo ndivyo vinavyoigeuza alama kuwa ushahidi.

MAMBO YA KUANGALIA KABLA YA KUTOA FEDHA

Mkusanyaji analipia mambo matatu: uhaba, uasilia na ushahidi. Uhaba unaweza kuusoma katika vitabu. Uasilia na ushahidi lazima uvikague mwenyewe, au umlipe anayejua akukagulie.

Kwanza, kasha. Fundi anapoling'arisha kasha kwa mashine anaondoa mikwaruzo, lakini anaondoa na chuma. Pembe zilizokuwa kali zinakuwa za mviringo, na hazirudi. Kwa mkusanyaji, kasha lenye mikwaruzo na pembe zake kamili ni bora kuliko linalometameta.

Pili, namba. Katika Daytona za ufunguo, namba ya aina na namba ya saa yenyewe zimechongwa kwenye kasha katikati ya miguu inayoshika mkanda, moja upande wa saa sita juu, nyingine upande wa chini. Ili kuzisoma ni lazima mkanda uvuliwe. Muuzaji anayekataa kuvua mkanda amekwisha kukujibu.

Tatu, uso. Hiki ndicho kipande chenye fedha nyingi kuliko vyote, na kwa hiyo ndicho kinachoghushiwa zaidi. Katika uso wa Paul Newman, duara dogo la sekunde lililoko kushoto limeandikwa 15, 30, 45 na 60. Katika uso wa kawaida limeandikwa 20, 40 na 60. Walanguzi huchukua Daytona ya kawaida, wakaitia uso wa mapambo uliotengenezwa juzi. Uso ukiwa na tarakimu sahihi bado haujathibitika, lakini ukiwa na tarakimu zisizo zake umekwisha kujifichua.

Nne, dawa ya kung'aa gizani. Saa za miaka hiyo zilipakwa rangi yenye tritiamu, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 na kidogo. Baada ya miaka 50 inabaki kama sehemu moja kati ya kumi na sita. Saa ya mwaka 1970 inayowaka gizani kama taa imepakwa upya, au imebadilishwa uso na mishale.

Tano, matengenezo. Zamani saa iliyopelekwa kwenye karakana ya kiwanda ilirudishwa ikiwa na uso mpya na mishale mipya, na mwenyewe alishukuru. Vile vya zamani vilitupwa. Leo vile vilivyotupwa vina thamani kuliko saa iliyorudi. Kwa hiyo, mwenye saa ya zamani anayetaka fundi aisafishe mtambo na kuutia mafuta, amwambie waziwazi: usibadili uso, usiguse kasha, na kila kitakachotolewa nirudishiwe.

HESABU YA GHARAMA

Bei za mnadani zinazotangazwa huwa zimejumlisha ada ya mnunuzi. Anayeuza hazipokei zote. Tuchukue mfano wa saa ya kiasi, iliyogongewa nyundo kwa dola 10,000. Ikiwa ada ya mnunuzi ni asilimia 25, unalipa dola 12,500. Ukitaka kuirudisha mnadani, na mnada ukatoza asilimia 10 kwa muuzaji, nyundo lazima igonge karibu dola 13,890 ndipo upate dola zako 12,500. Yaani anayeinunua kwako atalipa kama dola 17,360, na wewe bado hujapata hata senti moja ya faida.

Hapo hatujahesabu ushuru wa forodha na kodi kwa anayeiingiza nchini, wala bima, wala malipo ya fundi. Mafundi wanaoweza kuufungua mtambo wa kronografu ya ufunguo na kuurudisha ukiwa salama si wengi, na vipuri vya Valjoux 72 havitengenezwi tena kiwandani.

Tukumbuke pia kwamba saa haitoi gawio. Hisa inaweza kushuka bei na bado ikakulipa kitu mwisho wa mwaka. Saa hailipi mpaka siku unayoiuza, na siku hiyo soko linaweza kuwa limelala. Bei za saa zilizokwisha kuvaliwa zilipanda kwa kasi mwaka 2020 na 2021, zikafika kileleni mapema 2022, kisha zikashuka. Walioingia mwishoni kwa fedha za mkopo ndio walioumia.

Mwenye kutaka kuwekeza katika jina la Rolex kwa njia ya hisa naye hatapata nafasi. Kampuni hiyo inamilikiwa na mfuko ulioanzishwa na Hans Wilsdorf, mwasisi wake, na hisa zake haziuzwi sokoni. Patek Philippe ni mali ya familia. Omega iko chini ya Swatch Group, ambayo hisa zake zinauzwa katika soko la Uswisi, lakini hisa za kampuni inayotengeneza saa mpya ni biashara nyingine kabisa, haifuati bei za saa kuukuu.

JE, NI KITEGA UCHUMI?

Kwa mwenye mtaji mdogo, saa ya ufunguo isiwe mahali pa kuweka fedha za ada ya watoto wala za kuzungushia duka. Inamfaa mtu aliye tayari kujifunza aina moja tu mpaka aijue kama kiganja cha mkono wake, na ambaye hata bei ikishuka atabaki na kitu anachokipenda. Mtu wa namna hiyo anaweza kuanzia mbali na Daytona. Saa nyingine za ufunguo za miaka ile ile, zikiwamo zenye mtambo wa Valjoux 72 lakini jina dogo zaidi, bado zinapatikana kwa bei ambayo makosa yake hayafilisi.

Kwa aliyerithi saa, ushauri wetu ni mfupi. Usiing'arishe. Usiitupe kwa sababu imesimama, kwani saa ya springi iliyosimama mara nyingi hutengenezeka. Tafuta karatasi zake, picha za marehemu akiwa ameivaa, risiti kama ipo, uviweke pamoja nayo. Uulize bei kwa watu watatu wasiojuana kabla hujamwachia yeyote.

Na wale wanaoivaa wanasema kuna jambo moja mnada hauliuzi. Saa ya betri inakwenda uwe umeikumbuka au umeisahau. Saa ya ufunguo inakwenda kwa sababu asubuhi hiyo mtu aliishika akaitia ufunguo, kama alivyofanya aliyekuwa nayo kabla yake. Walioidharau kazi hiyo ndogo katika miaka ya 1970 waliziacha Daytona dukani kwa bei ya punguzo. Wanaozitaka leo wanailipia kazi hiyo hiyo.